Kitambulisho si tiketi ya fulana ya bure

Kama una mtoto, ndugu au mpwa anayejiunga na chuo muhula huu, kuna siku moja ya kumwandalia mapema: ile ya maonyesho ya kuwakaribisha wanafunzi wapya. Unajua vile huwa. Hema zimepangwa uwanjani, spika zinanguruma, klabu ya drama inashindana kelele na kwaya, na katikati yao kuna meza za benki, za laini za simu, za mikopo, za hosteli. Karibu kila meza ina cha bure: kalamu, soda, fulana, bando.

Mwaka jana nilimsindikiza mpwa wangu kwenye siku kama hiyo. Kitambulisho chake kilikuwa bado kipya, hakijatimiza hata miezi minne. Hatukuwa tumefika hema ya tatu na tayari kilikuwa kimepigwa picha mara mbili, mbele na nyuma, na vijana waliotumia simu zao wenyewe. Nilipomvuta kando alinishangaa. "Anti, si ni bure tu?"

Wanafunzi wapya tunawaonya sana kuhusu matumizi. Usimalize pesa za HELB wiki ya kwanza, usinunue viatu vya kuonyesha watu. Sawa, ni ushauri mzuri. Lakini pesa ukizitumia vibaya, utateseka kidogo, kisha zitakuja zingine. Nambari ya kitambulisho ni ile ile mpaka uzeeke. Picha yake ikishabaki kwenye simu ya mtu usiyemjua, huna namna ya kuirudisha.

Wiki tatu baadaye nilimwambia abonyeze *106#, aangalie ni laini ngapi zimesajiliwa kwa kitambulisho chake. Alitarajia moja, akapata mbili. Hiyo ya pili hakuwahi kuiona. Kenya kila laini lazima iwe na mwenyewe aliyesajiliwa, kwa hivyo laini hiyo ikitumiwa kutapeli mtu, jina litakalotokea kwanza ni lake. Tulipoteza asubuhi nzima kwenye foleni dukani ndipo ikaondolewa. Na mpaka leo sijui ilitoka meza gani, au hata kama ilitoka siku ile. Ukishagawa picha kwa meza sita, utamshika nani?

Wengine watasema kosa ni la mwanafunzi. Mimi nakataa. Mtoto wa miaka 18, siku yake ya pili chuoni, anaambiwa na mtu mwenye beji "lete ID nikusaidie." Ataanzia wapi kukataa? Sisi wenye biashara ya malipo pia huweka meza kwenye maonyesho haya, na kijana wa mezani mara nyingi hulipwa kwa idadi ya watu anaosajili. Akilipwa hivyo, atakimbizana na idadi. Kampuni ikitaka kuaminika, impe kifaa cha kazi, na imkataze kabisa kupiga picha ya kitambulisho kwa simu yake. Na wewe una haki ya kumuuliza maelezo yako yanaenda wapi na ya nini. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inakuruhusu. Akikosa jibu, chukua kitambulisho chako uende. Fulana utapata nyingine.

Simu nayo isitoke mkononi mwako, hata akisema anakuwekea programu haraka haraka. Nambari ya siri ndiyo usiseme, usiandike akiwa amekuinamia begani. Hakuna mfanyakazi wa kweli anayeihitaji.

Kuhusu hosteli nitasema kidogo tu, maana hapo watu wamelia vya kutosha: usitume dipoziti kwa chumba ulichoonyeshwa kwa picha. Nenda ukione, ongea na mlinzi na wanaoishi hapo. Kisha kabla ya kuthibitisha malipo, soma jina linalotokea. Kama umeambiwa unalipa hosteli na jina ni la mtu binafsi, simama hapo kwanza. Karo nayo hailipwi mezani. Fuata maagizo ya chuo chenyewe, hata kama mtu amekuja na risiti na mhuri.

Sisemi wanafunzi wakae vyumbani. Mpwa wangu alijiunga na klabu ya drama siku hiyo hiyo, shilingi 100, na marafiki wake karibu wote aliwapata huko. Mwaka huu yeye ndiye atakaa nyuma ya meza kupokea wapya. Alinipigia juzi kuniuliza wakusanye ada vipi. Nikamwambia watafute nambari ya till yenye jina la klabu, wasitumie nambari ya mweka hazina. Anasema mweka hazina bado anakataa.