Umefaulu kwenye skrini, mkono je?

Najua nimepotea, lakini wenye kuzijua zamu za usiku za huku Uingereza watanisamehe. Leo siongelei baridi wala bei ya nyama ya mbuzi. Nataka tusemezane kuhusu masomo na mitihani ya kwenye kompyuta na simu, maana huku tumeshazama humo, na nyumbani nako naona mambo yanaingia kwa kasi. Watu wanashangilia, na mimi nashangilia pamoja nao, ila kuna swali silisikii likiulizwa: ile mashine iliyompa mtu alama, imemwona akifanya nini hasa?

Tuelewane mapema, mimi si mpinzani wa kompyuta. Nilisoma shahada yangu ya uuguzi nyumbani, kwa fotokopi zilizopigwa fotokopi mpaka maandishi yakafifia, kitabu kimoja cha dawa kikizunguka darasa zima. Ulikuwa ukifanya jaribio leo, matokeo yanakuja wiki ya tatu, na kufikia hapo ulishasahau hata swali lilikuwa linauliza nini. Mkufunzi ana karatasi mia na ishirini za kusahihisha kwa mkono, ungemlaumu vipi? Sasa hivi mwanafunzi anajibu swali kwenye simu, anaambiwa pale pale amekosa na kwa nini amekosa. Mkufunzi naye anaona kwamba swali la saba nusu ya darasa limewashinda, kwa hiyo kesho anajua aanzie wapi. Hilo ni jambo kubwa mno, na asiyeliona hajawahi kusahihisha karatasi mia na ishirini.

Tena utafiti upo. Mwaka 2006 Wamarekani wawili, Roediger na Karpicke, walionyesha jambo ambalo wanafunzi wengi hawaliamini mpaka leo. Waliwapa wanafunzi habari za kusoma, kundi moja likarudia kusoma, jingine likajaribiwa kukumbuka. Baada ya dakika tano waliorudia kusoma walikuwa mbele. Baada ya wiki moja waliojaribiwa ndio waliokumbuka zaidi. Kwa maneno mengine, jaribio lenyewe linafundisha. Simu yenye maswali ya dawa na magonjwa, unayojibu ukiwa kwenye daladala, ni mwalimu wa kweli.

Wakenya walitangulia katika hili. Mwaka 2005 AMREF pamoja na Baraza la Wauguzi la Kenya walianzisha mpango wa kuwapandisha wauguzi wa cheti kwenda diploma kwa kutumia kompyuta, ili watu wasome bila kuacha vituo vyao vya kazi. Fikiria muuguzi wa zahanati ya mbali, ana watoto, ana mume, akiondoka miaka miwili zahanati inafungwa. Lakini angalieni walikuwa ni nani: watu waliokwishazalisha, waliokwishashona, waliokwishakesha na wagonjwa miaka mingi. Mikono walikuja nayo. Kompyuta iliwaongezea kichwa.

Shida yangu inaanza pale mashine inapoacha kuwa mwalimu na kuwa hakimu.

Hapa kazini tuna mafunzo ya lazima, mengine kila mwaka. Moto, usafi wa mikono, kunyanyua wagonjwa, ulinzi wa watoto, usiri wa taarifa. Mengi yako kwenye kompyuta. Slaidi arobaini, maswali kumi, ukipata nane jina lako linageuka kijani kwenye orodha ya meneja. Saa tisa usiku wodi imetulia, utawaona watu wanabofya endelea, endelea, endelea, macho yako kwenye chai. Ukifeli unarudia hapo hapo, maswali yale yale. Kwenye wodi moja niliyopita zamani, majibu yalibandikwa kwa ndani ya mlango wa kabati la vikombe! Wodi nzima kijani kibichi kama migomba ya Rungwe. Ikaja siku tukaletewa mashine mpya ya kunyanyulia wagonjwa. Wenzangu wanne, wote wa kijani, wakaizunguka kama watu wanaotazama gari lililopinduka, hakuna anayejua mkanda gani unaanza. Aliyeokoa jahazi ni mama mmoja msaidizi wa wauguzi, mtu mzima, hata nywila yake ya mafunzo huwa haikumbuki, lakini aliwahi kuitumia mashine ya aina hiyo kwenye nyumba ya wazee. Kwenye orodha ya meneja jina lake lilikuwa jekundu.

Swali langu lile lile: kompyuta ilikuwa imeona nini? Iliona kidole kikibofya. Basi. Haikudanganya, sisi ndio tuliosoma kijani kama kwamba kimesema mtu huyu anajua kunyanyua.

Wenye mitihani yao huku wanalijua hili. Muuguzi anayetoka nje kuja kufanya kazi Uingereza anapimwa mara mbili na Baraza la Wauguzi na Wakunga, NMC. Kwanza mtihani wa kompyuta, ambao anaweza kuufanya akiwa bado hajapanda ndege: hesabu za dawa, na maswali ya uuguzi kwa jumla. Halafu OSCE, ule wa vitendo, ambao lazima uje uufanye hapa hapa. Tangu mwaka 2021 una vituo kumi. Mtahini anakutazama unavyonawa mikono, unavyomuuliza mgonjwa jina na kulilinganisha na lililoandikwa kwenye bendi ya mkononi, unavyochanganya dawa, unavyoongea na mtu aliyeogopa. Wenzetu wengi wanaulaani huo OSCE (gharama, hoteli, treni, presha), nami nawaelewa. Lakini wazo lake ni zuri. Aliyelianzisha ni daktari Ronald Harden na wenzake kule Dundee, Uskochi, wakalichapisha mwaka 1975: kila mwanafunzi apite vituo vile vile, afanye kazi zile zile, mbele ya macho ya mtu. Nusu karne imepita, na pamoja na kompyuta zote hizi hawajauondoa.

Na ni vizuri hawakuuondoa. Mwaka 2023 NMC walitangaza kwamba matokeo ya mtihani wa kompyuta kutoka kituo kimoja mjini Ibadan, Nigeria, yalikuwa na dalili za udanganyifu mkubwa. Kilichowashtua ni muda: watu walikuwa wanamaliza haraka kupita kawaida. Waliofanyia hapo walikuwa karibu 2,000, na wengine walikuwa tayari wamesajiliwa na wanahudumia wagonjwa huku. Baraza likasema haliwezi kuyaamini matokeo ya kituo kile, likawataka waliopitia pale warudie. Mjue walikuwemo na watu safi waliosoma usiku kucha, wakatiwa kapu moja na wengine. Ile wiki kila mtu mweusi mwenye sare alitazamwa mara mbili kwenye korido, awe ni wa Ibadan au wa Ifakara. Wachache wakila kiporo, tumbo linatuuma wote.

Najua kuna mdau ataniambia: mbona Marekani mtihani wa leseni, NCLEX, ni wa kompyuta mtupu? Kweli. Tangu mwaka 1994 ni kompyuta inayokupima kwa kukupandishia na kukushushia ugumu wa maswali kadiri unavyojibu, na Aprili 2023 wakaongeza maswali ya visa vya wagonjwa ili wapime namna muuguzi anavyofikiri na kuamua. Ni mtihani mzuri, hata mimi nauheshimu. Lakini NCLEX hausimami peke yake. Kabla yake kuna chuo, kuna saa nyingi za wodini, kuna mkufunzi aliyeweka jina lake kwamba nimemwona huyu akifanya. Kompyuta inapima kichwa kwa sababu mtu mwingine alishapima mikono. Ukichukua kipande cha kompyuta ukaacha kile kingine, umenunua kifuniko bila sufuria.

Hapo ndipo nyumbani kunaponitia wasiwasi. Vyuo vya afya vimeongezeka, vya serikali na vya binafsi, wanafunzi ni wengi, wakufunzi ni wale wale na wodi ni zile zile. Binti wa dada yangu anasoma diploma ya uuguzi, mwaka wa pili. Juzi akanitumia picha ya skrini: "Ma'mdogo, nimepata 92!" Nikampongeza kwa moyo wote, maana maswali yenyewe niliyaona na hayakuwa mepesi. Nikamuuliza, "Kanula umeweka ngapi kwa mkono wako?" Akanyamaza kidogo. "Mbili, ma'mdogo. Wodini tunakuwa thelathini kwa zamu moja, tunagombania mgonjwa." Mbili! Mwakani huyu anaweza kuwa peke yake zamu ya usiku kwenye kituo cha afya, mtoto ameletwa ameishiwa maji, mishipa imelala, na mama anamwangalia yeye.

Chukueni dripu. Lita moja kwa saa nane, seti ya matone 20 kwa mililita. Mwanafunzi anaandika kwenye simu matone 42 kwa dakika, simu inasema sahihi, hongera. Huku Uingereza habari inaishia karibu na hapo, pampu ya umeme inafanya iliyobaki. Nyumbani hapana. Nyumbani lazima usimame, ushike saa, uhesabu kama matone 10 au 11 kila robo dakika, urekebishe lile gurudumu dogo kwa kidole gumba, halafu urudi tena baada ya muda kwa sababu mgonjwa amekunja mkono na maji yamesimama. Hiyo sehemu ya pili ndiyo uuguzi wenyewe, na simu haijaiona.

Msidhani nasema skrini haiwezi kuona mikono kabisa. Kuna mdoli wa kufanyia mazoezi ya kukandamiza kifua, wenye vipimo ndani yake. Unakandamiza, skrini inakuonyesha kama umefika sentimita 5 hadi 6, kama kasi yako iko kati ya 100 na 120 kwa dakika, kama unakiachia kifua kirudi juu. Hiyo ni digitali inayopima kitu chenyewe. Nimeona wanaume wenye vifua vipana wanaambiwa na mdoli kwamba hawafiki. Mdoli hana aibu wala upendeleo, na kwa hilo anawashinda watahini wengi.

Na hata mazoezi ya kuigiza yana nafasi yake. Mwaka 2014 baraza la Wamarekani linalosimamia NCLEX lilitoa utafiti uliofuata wanafunzi zaidi ya 600 kwenye vyuo kumi: hata nusu ya saa za wodini ikibadilishwa na mazoezi ya kuigiza, mwishoni hawakuachwa nyuma na wenzao. Hapa Uingereza nako mwaka 2023 NMC waliruhusu hadi saa 600 kati ya 2,300 za vitendo ziwe za namna hiyo. Ila atakayekwenda kuunukuu ule utafiti kwenye kikao cha bodi ya chuo, asome na masharti yake: wakufunzi waliofundishwa kuendesha mazoezi hayo, wawepo wa kutosha, vifaa viwepo, na baada ya kila zoezi watu wakae chini walizungumze. Yaani unahitaji wakufunzi zaidi. Anayenunua vishikwambi ili apunguze wakufunzi amesoma nusu ya sentensi.

Ningekuwa na sauti kwenye chuo kimoja tu nyumbani ningesema hivi. Majaribio yote ya kujifunza yawe kwenye simu, na yawe ya kupakua, mwanafunzi asile bando lake lote kwa mada moja. Alama za majaribio hayo zisiingie kwenye matokeo ya mwisho, maana zikiingia tu majibu yataanza kuzunguka WhatsApp, na kabati la vikombe mmelisikia. Muda ambao mkufunzi ameokoa kwa kutosahihisha makaratasi apelekwe wodini, na uandikwe kwenye ratiba yake, kwa sababu usipoandikwa utaliwa na vikao. Kwa mambo yanayofanyika kwenye mdoli, mwanafunzi aliye mbali ajirekodi kwa simu na mkufunzi amtazame na kumsahihisha (mgonjwa ASIREKODIWE, hilo halina mjadala). Na kwenye kile kitabu cha vitendo, pembeni ya kila sahihi, iandikwe wazi: ameulizwa, ameonyesha kwenye mdoli, au ameonekana akimfanyia mgonjwa. Hayo ni mambo matatu tofauti, na leo hii yote yanapewa tiki moja.

Wakufunzi wa vyuo vya uuguzi mnaopita hapa, najua mpo, naomba mniambie ukweli bila kutaja chuo. Mwanafunzi wenu anasainiwa kanula baada ya kuweka ngapi, na wakati anaweka ile ya mwisho, nani alikuwa amesimama pale kitandani?