Soko la Voi na Tamaa ya Jumba la Maduka

Imekuwa desturi siku hizi, watu wa Voi wakutanapo wakazungumza habari za maendeleo, mmoja wao kusema ya kuwa mji huu hautakuwa mji kamili mpaka upate jumba kubwa la maduka, lile ambalo vijana huliita moli. Asemaye hivyo huwa ameliona Nairobi au Nyali. Ameona ngazi ziendazo zenyewe, sakafu ing'aayo kama kioo, na ubaridi wa mashine katikati ya mchana wa jua kali. Naye arudipo Voi, akashuka katika vumbi la kituo cha matatu, huona haya kwa ajili ya mji wake. Haya hiyo naifahamu, lakini siikubali. Jumba la namna hiyo, likijengwa mahali pa soko, au kwa ardhi na fedha ambazo zingalifaa soko, litakuwa hasara kwa watu wa Taita Taveta. Na wale wanaolitamani hawajauliza lilizaliwa wapi, lilizaliwa kwa ajili ya nani, wala limefikia hali gani huko lilikozaliwa.

Lilizaliwa Marekani. Baada ya Vita Kuu vya Pili watu wenye mishahara walihama katikati ya miji, wakajenga nyumba viungani, mbali na maduka, na karibu kila nyumba ilikuwa na motokaa. Msanifu mmoja wa majengo, Victor Gruen, mzaliwa wa Vienna aliyewakimbia Wanazi mwaka wa 1938, aliona upweke wa viunga hivyo akataka kuutibu. Mwaka wa 1954 lilifunguliwa jumba lake la Northland karibu na Detroit, na mwaka wa 1956 likafunguliwa Southdale katika jimbo la Minnesota, lililofunikwa paa lote, hata mtu akanunua vitu wakati wa theluji bila ya kuhisi baridi. Gruen alitaka majumba hayo yazungukwe na shule, zahanati na nyumba za kuishi. Wenye fedha walichagua katika fikira zake yale yenye faida, wakajenga maduka na viwanja vya kuegesha motokaa, basi. Katika uzee wake Gruen mwenyewe aliyakana majumba hayo mbele ya watu.

Northland ilifungwa mwaka wa 2015. Wanunuzi walikuwa wamekwenda kwingine, na tangu hapo pamefanywa mpango wa kuligeuza jumba hilo liwe makao ya watu. Yaani Wamarekani wanatoa fedha nyingi ili mtu aweze kutoka mlangoni kwake akaenda dukani kwa miguu. Soko la Voi hufikiwa kwa miguu tangu lilipokuwapo. Ni jambo la kuchekesha kwamba sisi tunataka kununua kwa bei kubwa ugonjwa ambao wenzetu wanatafuta dawa yake.

Labda nitaambiwa ya kuwa Kenya si Marekani. Ni kweli, basi na tuitazame Kenya. Jumba la Sarit Centre lilifunguliwa Westlands, kiunga cha Nairobi, mwaka wa 1983, nalo limedumu na kupanuliwa. Silaumu kujengwa kwake. Westlands ina watu wa mishahara na motokaa, na jumba lile lilikwenda lilikoitwa. Lakini waliofuata nyuma walidhani ya kuwa jumba ndilo lililoleta mali, kumbe mali ndiyo iliyoleta jumba. Majumba yakaongezeka: Garden City mwaka wa 2015, Two Rivers mwaka wa 2017, na mengine mengi madogo katika miji mbalimbali. Kila moja lilihitaji mpangaji mmoja mkubwa wa kuvuta watu, na wapangaji wadogo hujipanga kandokando yake kama vifaranga chini ya kuku.

Kuku akifa, vifaranga huwaje? Jibu tulilipata kwa Nakumatt. Duka hilo lilianza Nakuru kwa kuuza magodoro, likakua hata likawa na matawi zaidi ya 60 katika Kenya, Uganda, Tanzania na Rwanda. Mwaka wa 2017 rafu zake zilianza kuwa tupu, na Januari 2020 wadai wake wakapiga kura livunjwe. Uchumi lilikuwa limekwisha kufunga matawi yake ya Uganda na Tanzania mwaka wa 2015, na haukupita muda Tuskys nalo likaanguka. Waliowauzia maduka hayo maziwa, mkate na mboga kwa mkopo walibaki na karatasi mikononi. Majumba yalibaki na kumbi tupu, na mwenye duka dogo la viatu kandoni mwa ukumbi mtupu alitazama wateja wakipungua siku hata siku, huku kodi yake ikiwa ni ile ile. Soko lenye wauzaji mia mbili haliwezi kufa hivyo, kwa maana akifilisika mmoja, wapo mia na tisini na tisa.

Sasa turudi kwetu. Voi ni mtoto wa njia. Kabla ya reli, misafara iliyotoka pwani ilipita chini ya vilima vya Taita, kwa Maungu na Ndara, ikielekea Taveta, ambako msitu na maji ya mto Lumi viliwapa wasafiri kivuli, ndizi na usalama. Wenyeji waliuza chakula, wapita njia walitoa nguo na shanga. Reli ilianza kujengwa Mombasa mwaka wa 1896, na kufika mwaka wa 1898 ilikuwa imekwisha pita Voi, ikakuta simba katika mto Tsavo. Mwaka wa 1915 Waingereza walitandika njia nyingine kutoka Voi kwenda Maktau ili wapigane na Wajerumani, nayo baadaye ikafika Taveta na kuungana na reli ya upande wa pili. Mwaka wa 2017 reli mpya ilifunguliwa, na treni yake husimama Voi. Katika mabadiliko yote hayo biashara ya hapa ilikuwa moja: mtu wa mlimani hushusha alichokilima, mtu wa njiani hununua, na wa kati hupata riziki.

Anayetaka kuona nguvu ya biashara hii aende Taveta siku ya soko, Jumatano au Jumamosi. Ataona ndizi, vitunguu, maharagwe na nguo, na ataona watu wa Kenya na Tanzania wakipatana bei kwa Kiswahili kimoja. Mwaka wa 1977, Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika, Tanzania iliufunga mpaka, wala haukufunguliwa hata mwaka wa 1983. Mpaka ulipofunguliwa, biashara ilirudi katika njia zake kama maji. Hapakuhitajiwa ngazi ziendazo zenyewe ili kuirudisha.

Nawaomba vijana msomao kitabu hiki mfanye pamoja nami hesabu ndogo. Hesabu hii ni mfano tu, lakini kila mwenye meza sokoni ataitambua. Tuseme mama mmoja amenunua kabichi zilizotoka Werugha kwa shilingi 1,000, akaziuza kwa shilingi 1,400. Shilingi zile 400 zitakwenda wapi? Zitatoa ushuru wa soko. Zitamlipa kijana wa mkokoteni. Zitanunua chai na mahamri kwa jirani, naye jirani atanunua sukari kwa mwenye duka. Zilizobaki zitampa fundi cherehani aliyeshona sare ya shule. Kabla jua halijatua zimepita katika mikono mitano, na yote ni mikono ya Voi. Sasa zichukue shilingi 400 zile zile, uziweke ndani ya jumba la maduka. Sehemu ni kodi ya mwenye jumba, sehemu ni riba ya benki, sehemu ni faida ya kampuni. Nazo zote huondoka jioni ile ile kwenda Nairobi kwa kasi ya umeme, kupita hata treni mpya. Kitakachobaki Voi ni mshahara wa msichana apokeaye fedha na wa askari asimamaye mlangoni. Siidharau mishahara hiyo. Nasema tu ya kuwa ni kidogo kuliko kilichoondoka.

Tena haifai kudhani kwamba mkulima wa Werugha au Mgange atauza kabichi zake katika duka kubwa kama auzavyo sokoni. Duka kubwa hutaka kipimo kile kile kila wiki, hutaka hati, na hulipa baada ya mwezi mmoja au miwili. Mkulima hutaka nauli ya kurudi mlimani leo. Basi duka litaagiza mboga kwa mkulima mkubwa wa mbali, na mboga hizo zitapita Voi zikiwa ndani ya lori la baridi, huku za kwetu zikinyauka.

Liko jambo jingine, nalo kwangu ndilo zito kuliko yote. Taita Taveta ina eneo la kilomita za mraba zipatazo 17,000, na karibu asilimia 62 ya eneo hilo ni mbuga ya Tsavo, iliyotengwa mwaka wa 1948. Katika kilichobaki yako mashamba makubwa ya katani, ziko ranchi, na iko nyika isiyopata mvua ya kutosha. Mtu wa hapa amezaliwa katika nchi kubwa yenye nafasi ndogo. Kwa hiyo kiwanja cha soko, hata kikiwa na matope na nzi, ni mali ya thamani kubwa mno: ni mahali ambapo mjane asiye na shamba aweza kuweka fungu la nyanya akapata chakula cha watoto. Katiba ya mwaka wa 2010, katika kifungu cha 62, imeweka ardhi ya umma ya namna hii mikononi mwa serikali ya kaunti kama amana kwa ajili ya wakazi wake. Amana haikodishwi kwa miaka mingi kwa mwekezaji mmoja kwa sababu tu ameleta picha nzuri ya jengo.

Wapinzani wangu wana hoja moja ya haki, nami sitaikwepa. Wanasema jua la Voi ni kali, mvua ikinyesha watu hukanyaga matope, mboga huoza jioni, na mwanamke aliyeketi pale tangu alfajiri hana choo cha heshima. Ni kweli kabisa. Lakini aliyeumwa jino hukatwa kichwa? Mambo hayo yote huponywa kwa paa refu lipitishalo upepo, sakafu ya saruji yenye mifereji, maji ya bomba, vyoo, taa za usiku kwa ajili ya abiria wa mabasi, na chumba cha baridi ambacho muuzaji hulipia kwa kreti. Fundi wa Mwatate aweza kujenga karibu yote hayo. Na kama mtu mwenye fedha zake anataka kununua kiwanja chake mwenyewe na kujenga jumba la maduka, ajenge. Hasara ikija, iwe yake.

Hata hivyo kujenga soko upya nako kuna hatari, nayo yafaa itajwe mapema. Dar es Salaam kuna soko la Kariakoo, jina litokanalo na kikosi cha wapagazi wa vita vile vile vilivyoleta reli ya Maktau. Jengo lake, lililosanifiwa na Mtanzania Beda Amuli, lilifunguliwa mwaka wa 1975, likaungua Julai 2021, na serikali ikalijenga upya. Mwaka wa 2024, yalipotangazwa majina ya watakaorudi, baadhi ya wafanyabiashara wa zamani walilalamika ya kuwa majina yao hayamo. Ndivyo ilivyo kawaida ya kazi hizi. Soko hubomolewa likiwa la wauza nyanya, na siku ya kufunguliwa wenye meza ni watu wengine, ambao hawakuwahi kubeba gunia.

Kwa hiyo, siku itakapotangazwa kazi katika soko la Voi, swali la kwanza lisiwe juu ya idadi ya ghorofa. Sheria imewapa wananchi haki ya kushirikishwa, na mkutano wa kaunti si wa wazee peke yao. Mwanafunzi wa kidato cha nne ajuaye kusoma hati aweza kwenda pamoja na mama yake na kumsomea. Na ahitaji jambo moja kabla ya mengine yote: daftari la kila muuzaji wa sasa, jina lake, bidhaa yake na mahali pa meza yake, na wa chini ya mwavuli waandikwe sawasawa na wenye vibanda. Daftari hilo litiwe sahihi na manispaa, na nakala yake ibandikwe katika lango la soko, kwa Kiswahili, kabla bati moja halijang'olewa.