Lushoto: Mtalii anapita shambani, mkulima anabaki na nini?

WATALII wengi wanaokuja kaskazini mwa Tanzania huishia Kilimanjaro, Serengeti na Ngorongoro. Wachache hukata kona Mombo na kupanda takriban kilometa 33 za barabara ya milimani hadi Lushoto, mkoani Tanga. Hao wachache ni soko ambalo mkulima wa Usambara bado hajalishika sawasawa.

Tofauti na mbuga za wanyama, hapa kivutio na makazi ni kitu kimoja. Anayekwenda kwa miguu hadi Mtae hupita katikati ya mashamba ya kabichi, karoti na viazi, akalala vijijini. Matuta aliyochimba mkulima kuzuia mmomonyoko ni sehemu ya mandhari ambayo mgeni amelipia kuiona.

Historia nayo ni mtaji. Vuga ilikuwa makao ya watawala wa Kikilindi. Simulizi za Wasambaa zinasema mwasisi wao, Mbegha, alikuwa mwindaji aliyeua nguruwe mwitu walioharibu mazao, akabadilishana nyama kwa vyakula vya shambani, hatimaye akapewa utawala. Mgeni anayesikia habari hizo huongeza siku, na kila siku ni kitanda, mlo na ujira wa mwongoza wageni.

Programu ya utalii wa kitamaduni ilianza nchini katikati ya miaka ya 1990, na Lushoto ikawamo. Hata hivyo, kabichi inayopakiwa kwenye lori kwenda Dar es Salaam humpa mkulima bei ya dalali. Shamba la Irente, mali ya Kanisa la Kilutheri (KKKT), limeonyesha njia nyingine: maziwa huwa jibini, matunda huwa jamu, na mgeni hununua papo hapo.

Vikundi vya wakulima vinaweza kuingia mikataba ya mboga na nyumba za wageni. Serikali za vijiji nazo zikubaliane na waongoza wageni kuhusu mchango wa kila safari, kwa risiti, na mapato yasomwe kwenye mkutano wa kijiji.

Msitu wa Magamba, makazi ya mbega, ndio unaotunza maji ya mabonde yanayolimwa mboga. Mkulima asiyepata chochote kwa mgeni ataona humo mbao na shamba jipya tu. Ukifyekwa, atakosa mgeni na maji kwa pamoja.