Mashindano ya farasi: udongo ukiharibika, nani aseme basi?

Siku ya Jumapili tarehe 7 mwezi wa tano mwaka wa 2023, wapanda farasi waliofika Badminton, kusini-magharibi mwa Uingereza, walikuta uwanja uliolowa maji. Kabla farasi wa kwanza hajaondoka, waandaaji walikuwa wamekwisha kufupisha njia ya mbio za nyika. Hata hivyo, farasi wengi hawakufika mwisho, na baadhi yao walisimamishwa na wapandaji wao wenyewe kwa sababu ya uchovu. Rosalind Canter, aliyeibuka mshindi na farasi wake Lordships Graffalo, hakuweza kumaliza ndani ya muda uliopangwa.

Ushindi huo ulisifiwa, na ulistahili sifa. Lakini siku ile iliacha swali ambalo mchezo huu haujalijibu vizuri hadi leo: udongo ukiharibika, nani anapaswa kusema basi, na kwa kutumia kipimo gani?

Kwa wasiofahamu mchezo huu, farasi mmoja na mpandaji mmoja hupitia majaribio matatu. La kwanza ni dresaji, yaani farasi kuonyesha utii na mwendo mzuri mbele ya waamuzi. La pili ni mbio za nyika, na la mwisho ni kuruka viunzi uwanjani. Hatari kubwa iko katika lile la pili. Katika mashindano ya daraja la juu kabisa, farasi hutakiwa kukimbia mita 570 kwa dakika, sawa na zaidi ya kilomita 34 kwa saa, kwa muda wa karibu dakika 11, akipanda vilima, akishuka mabonde na kuingia majini. Vikwazo anavyoruka ni magogo na kuta. Viunzi vya uwanjani huanguka vikiguswa, lakini vikwazo vya nyika vimejengwa ili visimame.

Ajali inayoogopwa zaidi hutokea farasi anapogonga kikwazo kwa kifua au kwa miguu ya mbele, akapinduka na kumwangukia mpandaji. Uzito wake ni karibu kilo 500. Mwaka wa 1999, wapandaji watano walifariki katika mchezo huu nchini Uingereza peke yake. Kamati iliyoongozwa na Lord Hartington ilichunguza hali hiyo na kutoa ripoti mwaka wa 2000. Ujumbe wake mkuu ulikuwa kwamba kila juhudi zifanywe ili farasi asianguke.

Tangu hapo kazi kubwa imefanyika. Wahandisi walibuni pini na vibanio vinavyoachia gogo lishuke linapogongwa kwa nguvu. Shirikisho la Kimataifa la Michezo ya Farasi, FEI, limeweka sheria inayoeleweka: anayesababisha kifaa hicho kuachia huongezewa pointi 11 za adhabu. Hakuna anayeonewa huruma. Kwenye Michezo ya Olimpiki ya Tokyo, tarehe 1 mwezi wa nane mwaka wa 2021, Mjerumani Michael Jung, bingwa wa 2012 na 2016, aliangusha kifaa kimoja na kupoteza nafasi ya kutwaa dhahabu ya tatu mfululizo. Dhahabu ilienda kwa Mjerumani mwenzake, Julia Krajewski.

Lakini siku hiyohiyo, kwenye njia hiyohiyo, Jet Set, farasi wa Robin Godel wa Uswisi, alikatika ligamenti ya mguu. Madaktari wa mifugo waliona kwamba hawezi kupona, na ikabidi auawe ili asiteseke. Hakuna pini inayoweza kuzuia jeraha la namna hiyo. Vifaa hivi hupunguza hatari ya kikwazo. Havina la kufanya kuhusu mita elfu kadhaa ambazo farasi anakimbia kati ya kikwazo kimoja na kingine.

Hapo ndipo udongo unapoingia, na hatari zake ni za aina tofauti. Udongo mgumu kama saruji huumiza kwato, mifupa na viungo kila hatua. Udongo unaoteleza juu huku ukiwa mgumu chini humfanya farasi akose mguu wakati anapotaka kuruka. Udongo wenye kina humchosha, na farasi aliyechoka hainui miguu vizuri. Msomaji anayejua barabara zetu za udongo majira ya mvua ataelewa upesi: potopoto yenye maji mengi mara nyingi hupitika, lakini ile inayoanza kukauka ndiyo inayovuta kiatu mguuni. Kwa farasi ni vilevile. Tena, anayeondoka wa arobaini hakuti uwanja aliouta wa kwanza, kwa sababu kwato za waliotangulia zimekwisha kuulima.

Waandaaji hawakai mikono mitupu. Hutoboa ardhi kwa mashine ili iweze kupumua na kunyonya maji, humwaga mchanga au kokoto pale farasi wanaporukia na kutua, na humwagilia maji wakati wa ukame. Wapandaji nao hufunga njumu kwenye viatu vya farasi kulingana na hali ya udongo. Lakini kazi hiyo inahitaji miezi na pesa nyingi, na kuna mwaka ambapo haitoshi. Badminton ilifutwa kwa sababu ya maji mwaka wa 1966, mwaka wa 1987, na tena mwaka wa 2012, siku chache tu kabla ya kuanza. Mwezi wa nane mwaka wa 2022, mashindano ya Gatcombe, ambayo pia ni ya Uingereza, yalifutwa kwa sababu iliyo kinyume kabisa: ukame ulikuwa umefanya ardhi kuwa ngumu mno.

Kwa hiyo kufuta kunawezekana. Tatizo ni namna uamuzi unavyofikiwa. Sheria zinawapa waamuzi uwezo wa kuondoa kikwazo, kufupisha njia au kusimamisha mbio. Lakini mstari wa kuvuka haujaandikwa popote. Wanatembea uwanjani, wanakanyaga, wanaangalia mawingu na kushauriana. Wakati huohuo tiketi zimeuzwa, wafadhili wamefika, na wapandaji wamesafiri mbali kutafuta matokeo yatakayowafungulia mashindano makubwa zaidi. Kila anayeshiriki katika mazungumzo hayo ana kitu cha kupoteza ikiwa mbio hazitafanyika.

Wapo wanaosema mpandaji mwenyewe ndiye mwamuzi bora: akiona udongo haufai, apunguze mwendo au asishiriki. Kuna ukweli ndani yake, na wengi hufanya hivyo. Lakini mpandaji aliyejiandaa mwaka mzima, mbele ya mwenye farasi na umati wa watu, si mtu huru kabisa. Wengine wanasema udongo hubadilika kila saa na kila kona, hivyo namba moja haiwezi kuueleza. Hilo pia ni kweli. Hata hivyo, viwanja vya mbio za farasi vya Uingereza hutumia fimbo maalum inayochomekwa ardhini na kusukumwa ili kupima ugumu wa udongo na jinsi unavyoshika, na matokeo hutangazwa kwa umma. Namba hiyo haitoi hukumu, lakini inamlazimisha anayehukumu ajieleze.

Mchezo huu ulikubali kupima nguvu inayohitajika ili gogo lianguke, ukaandika adhabu yake, na hata bingwa wa Olimpiki mara mbili akaitii. Unaweza kufanya vivyo hivyo kwa ardhi: vipimo vichukuliwe sehemu mbalimbali za njia, kiwango cha kufupisha na cha kufuta kitangazwe kabla ya juma la mashindano, na neno la mwisho lipewe mtu asiyegusa pesa za tiketi. Mpandaji amechagua kuwa pale na anaweza kusema hapana. Farasi hajui kama njia imefupishwa au la. Yeye hukimbia pale anapoelekezwa, juu ya udongo ambao watu wamesema unafaa.