Ngoma Ina Mtungaji

Wako wasomi wanenao kwamba ngoma za Waafrika hazina mtungaji, zimeota tu kama nyasi. Hoja hiyo ni dhaifu, tena yadhuru. Mwaka 1928 baleti ya George Balanchine, "Apollo", ilionyeshwa mjini Paris, na hata leo jina lake hutajwa kila ichezwapo. Usukumani, katika karne ya 19, walishindana mafundi wawili wa ngoma na dawa, Ngika na Gumha. Wafuasi wao ndio Bagika na Bagalu. Katika mashindano hayo mshindi ni yule avutaye watazamaji wengi, hivyo manju hana budi kubuni nyimbo na michezo mipya. Huo si utungaji? Labda mpaka avae viatu vya hariri! Daraja la Kigongo na Busisi, lililofunguliwa Juni 2025, limepewa jina la John Magufuli. Bugobogobo, ngoma ya majembe, hupanda majukwaani ikiitwa "ya Wasukuma", basi. Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 1999 huyataja matungo ya uchezaji. Lakini manju asiyeandikwa jina atadai haki yake kwa ushahidi gani?