Upasuaji wa kupunguza uzito: Je, Kaliua nako unaweza kufika?

Mtu mwenye urefu wa sentimita 160 akipanda mzani ukasoma kilo 90, uwiano wake wa uzito na urefu (BMI) umeshafika 35. Kwa mwongozo wa kimataifa wa mwaka 2022, huyo anaweza kushauriwa kufanyiwa upasuaji wa kupunguza uzito hata kama hana ugonjwa mwingine. Kama ana kisukari, hata kilo 77 zinatosha kuanza mazungumzo na daktari.

Watu wa namna hiyo Kaliua wapo. Huduma ndiyo iko mbali.

Hospitali ya Taifa Muhimbili, tawi la Mloganzila, inaweka puto tumboni bila kupasua na pia inafanya upasuaji wa kupunguza ukubwa wa tumbo la chakula. Kutoka Kaliua hadi Dar es Salaam kwa reli ni zaidi ya kilomita 900. Kwa hiyo swali linakuja lenyewe: kwa nini isifanyike hospitali ya wilaya?

Jibu fupi ni kwamba kukata si sehemu ngumu kuliko zote. Aina inayofanywa zaidi duniani huondoa takriban robo tatu ya tumbo la chakula, na kilichoondolewa hakirudi. Mshono ukivuja, mgonjwa anahitaji kurudishwa haraka chumba cha upasuaji na pengine kulazwa ICU. Kumpa usingizi mtu mwenye uzito mkubwa nako kuna hatari zake, hasa kwenye njia ya hewa. Vyumba vya upasuaji vya wilaya kazi yake kubwa ni kina mama wanaojifungua, ngiri na ajali. Kuvibebesha na hili kwa sasa ni kukimbilia. Na hapo hatujagusa umeme kukatika.

Lakini kusema "nendeni Dar" halafu basi, nako ni hatari.

Chukua mama aliyefanyiwa upasuaji, akarudi nyumbani. Siku chache tu baadaye sukari yake inaweza kushuka sana, ilhali bado anameza dozi ileile ya zamani. Asipopunguziwa dawa anaweza kuzimia. Akitapika wiki mbili, zahanati ikamwandikia dawa ya vidonda vya tumbo tu, anaweza kuishiwa vitamini B1 na kuharibika mishipa ya fahamu. Anatakiwa pia kusubiri angalau mwaka mmoja kabla ya kubeba mimba, na kutumia virutubisho kama B12 na madini ya chuma maisha yake yote.

Yote hayo hutokea Kaliua, siyo Mloganzila. Nayo hayahitaji daktari bingwa kila siku. Yanahitaji mhudumu anayejua dalili, vipimo vya damu, dawa zisizokatika na namba ya simu ya daktari aliyempasua mgonjwa. Kliniki za sukari na presha zingeweza kuanza hapo, zikisaidiana na Hospitali ya Rufaa ya Mkoa, Kitete.

Kuna mtaa pia. Kwa wengi kitambi bado ni alama ya mambo kwenda vizuri, na mtu akikonda ghafla watu wanaanza kunong'ona kuhusu virusi. Mgonjwa asiyeandaliwa kwa maneno hayo anaweza kuficha upasuaji wake, hata kwa nesi.

Wapo watakaouliza kama pesa hizi zisingeenda kwanza kwa watoto. Ni swali la haki: utafiti wa kitaifa wa 2022 ulionyesha asilimia 30 ya watoto chini ya miaka mitano nchini wamedumaa. Ila kisukari kisichodhibitiwa nacho kinalipiwa, kwa mguu uliokatwa au figo zinazosafishwa, na bili hiyo huangukia familia ileile.

Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ilipitishwa 2023. Mgonjwa wa Kaliua anahitaji kujua kama kadi yake italipia upasuaji peke yake, au na vipimo vya miaka itakayofuata pamoja na nauli ya kwenda kuvifanya.