Nani Aliyewahesabu Samaki?

Wapo wasemao kuwa jibu la hesabu halibishiwi. Mimi nabisha, ewe msomaji. Mwaka 1838 Verhulst, Mbelgiji, alitoa kanuni ya ongezeko la watu. Ikitumiwa kwa samaki, yasema kuwa huongezeka kwa wingi kabisa wafikapo nusu ya idadi ambayo maji yaweza kulisha. Basi vua nyongeza hiyo tu, wala hutawamaliza. Vyema! Lakini nani aliyepiga mbizi kuwahesabu? Huko Newfoundland, Kanada, chewa wa bahari ya baridi walikisiwa kuwa wengi kuliko walivyokuwa. Nyavu zikazidi kushushwa, hata mwaka 1992 serikali ikaupiga marufuku uvuvi huo, na maelfu ya watu wakakosa riziki. Kanuni ililishwa idadi isiyo kweli. Na sangara wa Ziwa Victoria, unaowala wewe, nao hukisiwa.